GAZETI NI LA NANI?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Sisi makarani twaijua maana yake kuliko wengi. Gazeti la kila siku nalo ni daftari la nchi. Basi yatupasa kuuliza ni nani alishikaye.

Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima hivi vya Umatumbi, mwaka 1905, wazee wetu hawakuwa na gazeti lao; mambo yao yaliandikwa na waliowapiga. Mwaka 1930 likatoka Dar es Salaam gazeti la Tanganyika Standard, mali ya kampuni ya magazeti ya Nairobi, likasema zaidi kwa sauti ya Wazungu. Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1961 lilibaki mikononi mwa wageni, na mwaka 1967 kampuni ya Lonrho ikalinunua. Ndipo Februari 1970 Mwalimu Nyerere akalitwaa kuwa mali ya umma, akamweka Bibi Frene Ginwala wa Afrika ya Kusini kuwa mhariri. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News. Kampuni hiyo ya Serikali ikaanza kutoa HabariLeo, kwa Kiswahili, mwaka 2006.

Basi hati yasema: mali ya umma. Lakini hati peke yake haitoshi. Mwalimu aliahidi kwamba gazeti litakuwa na ruhusa ya kuonyesha makosa ya viongozi; lakini mwaka 1971 Bibi Ginwala aliondolewa kazini, baada ya gazeti kulaumu mauaji ya wakomunisti huko Sudani.

Ndugu wanachama, sisi tu watumishi wa Serikali hiyo iliyo na gazeti, nasi ni rahisi kulisoma na kunyamaza. Lakini karani mwema aonapo hesabu haikupatana, hanyamazi kwa sababu daftari si lake. Kwa hiyo twawasihi: jambo la kwetu likiandikwa kombo, au lisipoandikwa kabisa, mwandikieni mhariri kwa adabu, mkitaja tarehe na hesabu zilizo kweli. Na jioni msomeeni jirani asiyejua kusoma, maana yeye naye ni mwenye mali.

Daftari lisilokaguliwa na mwenyewe, hata likiandikwa jina lake juu, si lake.