Rudisha Kwanza Nguvu Zilizopotea



Jioni moja nilipokuwa nimeketi barazani kwangu, hapa Hai Cinema mjini Juba, alinijia kijana jirani yangu, dereva wa taksi, akiwa na karatasi na kalamu. Alitaka nimwandikie barua ya kuomba mkopo.

"Ustaz," alisema, kwa kuwa hapa mjini mwalimu huitwa hivyo hata kama amekwisha kuacha ubao na kuhamia ofisini, "gari langu limekosa nguvu. Nikipakia abiria wanne na mizigo yao kwenda Nimule, malori yananipita mlimani. Fundi amenishauri ning'oe injini hii ya 1500 niweke ya 1800. Nusu ya fedha ninayo. Nusu nyingine nataka kukopa."

Nilimwuliza hiyo nusu aliyonayo ameipata wapi. Aliinamisha kichwa. Zilikuwa karo za wadogo zake wawili.

Nimeona yafaa kuieleza habari hii katika ukurasa wa mambo ya nyumbani, kwa sababu gari la kutafutia riziki ni sehemu ya nyumba kama lilivyo jiko. Likila fedha bila kiasi, watoto ndio wanaolala na njaa. Barua sikuiandika jioni ile. Nilimwomba anipe siku moja ya Jumamosi, tukamwita fundi mzee wa jirani, tukalikagua gari kabla ya kulinunulia chochote.

Nguvu hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba nguvu za gari hutoka kwenye petroli peke yake. Sivyo. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Kwa hiyo injini ni kama pampu: kadiri inavyovuta hewa nyingi, ndivyo inavyoweza kuunguza mafuta mengi na kutoa nguvu nyingi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana gari lile lile huwa zito zaidi Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kuliko Mombasa. Sisi wa Juba hatuko juu hivyo, lakini tuna joto, nalo pia huifanya hewa iwe nyepesi, na tuna vumbi. Joto hatuwezi kulizuia. Vumbi twaweza.

Tulianza na yasiyogharimu kitu

Kwanza, fundi alimwambia kijana aingie ndani akanyage eksileta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, naye akatazama mlango wa hewa penye injini. Ulifunguka robo tatu tu! Waya wa eksileta ulikuwa umelegea, na zulia lililokunjamana chini ya pedali lilikuwa likiizuia isishuke. Kwa muda wote huo kijana alikuwa akiendesha gari lisilofungua koo lake lote. Kukaza waya na kuondoa zulia hakukugharimu hata senti moja.

Pili, tulifungua kichujio cha hewa, ambacho mafundi hukiita eya klina. Kilikuwa chekundu kwa vumbi kama tofali. Usikipige mawe ukadhani umekisafisha, wala usikiondoe kabisa ati gari lipumue. Vumbi likiingia ndani husugua silinda na ringi kama msasa, na hasara yake ni injini nzima. Kipya cha karatasi hakina bei kubwa.

Tatu, tuliinua magurudumu kwa jeki moja baada ya jingine na kuyazungusha kwa mkono. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilikuwa zito. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu, breki haiachii sawasawa. Huko ni kukanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja. Ukitaka kujijua, mwisho wa safari usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kuliko wenzake ndilo lenye kosa.

Nne, tulipunguza mzigo. Katika buti mlikuwa na vyuma chakavu na tairi mbili zisizofaa, na juu ya paa palikuwa na keria nzito ya chuma. Hesabu yake ni nyepesi. Gari la kilo 1,000 likibeba kilo 100 zisizohitajika hupoteza karibu sehemu moja ya kumi na moja ya uwezo wake wa kuchapuka. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa fundi ili waongezewe kiasi hicho hicho.

Tano, plagi. Zilikuwa zimelika, na mwanya wa cheche umepanuka. Tulinunua nne mpya, zenye namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Angalia pia upepo wa tairi, na usivutwe na tairi kubwa kwa ajili ya urembo. Tairi iliyozidi ile ya asili kwa sehemu moja ya kumi ya kimo hupunguza uvutaji wa gari kwa kiasi kama hicho.

Kipimo cha ukweli

Baada ya hayo fundi aliazima saa ya kupimia mgandamizo wa silinda, yaani kompresheni. Kipimo hiki hakichukui hata saa moja, na mtu yeyote anayefikiria kubadili injini hana budi kukifanya kwanza. Injini hupashwa moto, umeme wa kuwashia na mafuta hukatwa, plagi zote hung'olewa, eksileta hukanyagwa mpaka mwisho, kisha injini huzungushwa kwa starta. Injini nyingi za petroli zilizo nzima huonyesha baina ya paundi 150 na 200 kwa inchi moja ya mraba. Lililo muhimu zaidi ni silinda zote zikaribiane.

Silinda tatu za kijana zilionyesha takriban 170. Moja ilionyesha 135. Fundi alimimina humo kijiko cha oili na kupima tena. Kipimo kingepanda, tungejua kuwa ringi zimekwisha. Hakikupanda. Maana yake kosa lilikuwa juu, kwenye valvu au gasketi. Kusaga valvu na kuweka gasketi mpya ni gharama, lakini si gharama ya injini nyingine iliyotumika ambayo hakuna ajuaye imetembea kilomita ngapi.

Je, nguvu haziwezi kuongezwa?

Zinaweza, lakini tujue bei ya kila kitu na faida yake. Ekzosi pana na njia pana ya kuvutia hewa, katika gari la kawaida, huongeza nguvu kidogo na kelele nyingi. Turbo huongeza sana, lakini hudai pistoni imara, mafuta zaidi, upoozaji bora na klachi ya kuhimili. Aliyeinunua peke yake amenunua nusu ya ugonjwa. Injini kubwa hudai vishikizo vyake, kompyuta yake na mara nyingine gia zake, na vyote hivyo havimo katika bei ya kwanza utakayotajiwa.

Njia nyingine ni kuchonga kichwa cha injini ili mgandamizo uzidi. Hii naijua kwa machungu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikubali gari langu lifanyiwe hivyo katika karakana moja. Kwa siku kumi nilijiona bingwa. Kisha petroli ikaadimika mjini, nikanunua ya chupa kando ya barabara. Petroli ya namna hiyo huweza kuchanganywa na mafuta ya taa, nayo mafuta ya taa hupunguza uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo. Injini ikaanza kugonga kama anayetwanga mawe. Nikaendelea kuendesha. Wiki ya pili pistoni moja ikatoboka, nikatembea kwa miguu miezi minne. Nchi hii huchimba mafuta ghafi, lakini sehemu kubwa ya petroli yake huletwa kwa malori kutoka bandari ya Mombasa kupitia Uganda, na njiani mkono mwingi huigusa. Injini ya mwananchi wa Juba yafaa iwe mvumilivu, si mwenye kuchagua chakula.

Mfano mzuri tunao katika Afrika Mashariki yetu. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda mashindano ya Safari Rally kwa Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya 1600 tu, akimwacha nafasi ya pili Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 yenye nguvu nyingi zaidi. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer. Na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Katika matope na mashimo, gari lililokaguliwa kila kiungo na dereva anayejua kulitunza hufika mbele ya lenye misuli.

Breki kabla ya mbio

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilifunguliwa ikiwa na lami mwaka 2012, nayo imekula watu wengi. Gari linaloenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kuzuiwa na breki inayozidi ile ya kilomita 80 kwa zaidi ya nusu. Aliyeongeza nguvu za injini na kuacha breki za zamani, tairi vipara na shokabu zilizokufa, amejiongezea nguvu za kulifikia kaburi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua pedi za breki.

Kijana alikwenda Nimule wiki iliyofuata na abiria wanne. Aliporudi alisema gari linapanda mlima kwa gia ya tatu mahali lilipokuwa likilia kwa ya pili. Malori mengine bado yanampita, naye hakunificha kwamba injini ya 1800 bado anaiota. Nilimjibu kwamba siku ringi za injini hii zitakapokwisha tutakaa tena na karatasi na kalamu. Kwa sasa amepanga kusaga valvu mwezi ujao kutokana na mapato ya gari lenyewe, na karo za wadogo zake amekwisha kuzilipa. Stakabadhi alikuja kunionyesha mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamwendea mkopeshaji, inua boneti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye magari wengi tunajenga ukuta hali ufa tunautazama.