Tuchomoe Waya Kabla ya Kutoa Alama

Wanachama wenzetu wanaosoma fasihi na historia watuvumilie mara hii, maana tunaandika juu ya kompyuta. Lakini jambo lenyewe ni la kumbukumbu, na kumbukumbu chamani kwetu tunazijua: katibu anaandika kumbukumbu za mkutano, bibi zetu wa Sur na Ibra wana kumbukumbu za Unguja, na laptopu zetu zina kumbukumbu ya gigabaiti nane. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahau kila kitu umeme ukikatika.

Watengenezaji wametafuta kwa miaka mingi kumbukumbu isiyosahau: kipande kinachochomekwa pale pale panapokaa RAM, prosesa ikakisoma moja kwa moja kama RAM, lakini umeme ukizimika maandishi yabaki. Intel na Micron walitangaza teknolojia ya namna hiyo Julai 2015, na Aprili 2019 Intel ikatoa vipande vya Optane vya gigabaiti 128, 256 na 512. Micron ikajitoa 2021. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Hata vilipokuwa sokoni vilihitaji seva maalumu, si mashine ya mwanafunzi wa Nizwa anayefanyia kazi zake sebuleni.

Ndiyo maana tunaviiga. QEMU, programu huria ya mashine pepe iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza kuchukua faili la kawaida na kumwonyesha mgeni, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, kana kwamba ni kipande cha kumbukumbu ya kudumu. Linux ya ndani inakikubali, inakiita /dev/pmem0, na kazi inaanza. Hakuna riali hata moja iliyotoka mfukoni.

Wapo wenzetu wanaosema ni kupoteza muda kujifunza chombo kilichokwisha kufa. Hatukubaliani nao. Iliyokufa ni bidhaa moja. Vipande vinavyojikinga kwa betri vilikuwepo kabla yake, na kiwango kipya cha CXL nacho kina nafasi ya kumbukumbu ya kudumu, ambayo QEMU tayari inaweza kuiiga. Namna ya kuandika programu ni ile ile.

Ugomvi wetu uko kwenye kusahihisha. Maelekezo ya maabara tuliyoyaona yanamwambia mwanafunzi: andika data, zima mashine pepe, iwashe tena, soma. Ukiikuta data, programu yako ni sahihi. Tunasema kipimo hicho hakipimi kitu.

Chukua daftari la duka. Programu inaandika deni jipya la mteja, kisha inaongeza hesabu ya madeni kutoka 40 hadi 41. Prosesa haipeleki maandishi hayo kwenye kumbukumbu papo hapo. Inayaweka kwanza kwenye kashe, akiba yake ndogo ya ndani, na kuyatoa kwa mpangilio wake yenyewe, wala si lazima ufanane na wako. Hesabu ya 41 inaweza kutoka kabla ya deni lenyewe. Umeme ukikatika hapo katikati, daftari litasema deni la 41 lipo, na ukilitafuta utakuta takataka. Dawa ni kuiamuru prosesa isukume nje mstari huo wa kashe, baiti 64, kwa amri kama clwb, kisha kuisubirisha kwa sfence, ndipo hesabu iongezwe. Somo zima la kumbukumbu ya kudumu linazunguka hapo.

Sasa mwanafunzi asiandike amri hata moja kati ya hizo. Aizime mashine pepe, hata kwa kuiua ghafla. Data ataikuta! Kashe ni ya prosesa halisi ya mwenyeji, na mwenyeji hakuzimika. Faili likiwa limefunguliwa kwa share=on, kurasa zake bado zimo katika kumbukumbu ya kerneli ya mwenyeji, na mgeni akirudi anazikuta zinamngoja. Programu mbovu imepata alama zote.

Mchomoe waya mwenyeji mwenyewe, mambo yanageuka. Hata programu iliyoandikwa vizuri inaweza kupoteza data, kwa sababu clwb inaifikisha kwenye RAM ya mwenyeji tu, na ile ni RAM kama nyingine. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, inaweza kuikalia data kama nusu dakika kabla ya kuipeleka diskini. Na ikiwa faili liliwekwa /dev/shm ili kazi iende haraka, litapotea lote, kwani huko ni RAM tupu.

Chamani tulibishana kama neno la kazi hii ni kuiga au kuigiza. Kuiga ni kufanya kama mwenzio, kuigiza ni mambo ya jukwaani. Kuiga kulishinda kwa kura, lakini kwa kipimo hiki cha alama, waliopiga kura ya kuigiza wana haki ya kudai kura irudiwe.

Kukatika kwa umeme si hadithi kwetu. Kimbunga Gonu kilipopiga pwani ya Oman Juni 2007, wengi wetu tulikuwa wachanga au hatujazaliwa, lakini wazee wa Sur wanakisimulia bado. Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima mwaka 2008, ikarudia tena kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009. Mwanafunzi anayepewa alama leo kesho ataandika programu za benki au za hospitali, na huko hakuna mwenyeji wa kumhifadhia makosa yake.

Walimu wetu, hatuombi vifaa vipya. Tunaomba alama zigawanywe. Sehemu itolewe kwa pmemcheck, zana inayoendeshwa ndani ya Valgrind: inafuatilia kila andiko na kutaja lile lisilosukumwa, bila kuhitaji umeme ukatike. Sehemu nyingine itolewe kwa virtio-pmem, iliyomo ndani ya QEMU tangu 2019. Kwa hiyo mgeni akiomba fsync, ombi linavuka mpaka kwa mwenyeji, naye analiandika faili diskini kwa kweli kabla ya kujibu. Hapo kuchomoa waya kunakuwa na maana. Na kasi iliyopimwa ndani ya mashine pepe isiandikwe kwenye ripoti kuwa ni kasi ya kumbukumbu ya kudumu. Ni kasi ya RAM ya laptopu ya mtu.

Kwa jaribio la waya, kompyuta moja kuukuu ya mezani inatosha. Laptopu haifai, ina betri.