Uzamivu si wa Matajiri: Madai Matano na Majibu Yake

Kila mwaka vijana wenye vipaji vya sayansi na uhandisi huacha kuomba nafasi za uzamivu kwa sababu ya maneno wanayoyasikia vijiweni, mengine yakitoka kwa wasomi wenyewe. Maneno hayo yanatunyima watafiti tunaowahitaji sana. Tuyajibu moja moja.

“Uzamivu ni wa wenye fedha.” Kwa anayejilipia ada, hofu hiyo ina msingi. Lakini katika fani hizi nafasi nyingi huja na fedha zake. Sweden na Norway, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, mwenye mkataba na mshahara. Marekani, vyuo vingi vya utafiti humsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kufanya kazi maabara. Chuo cha KAUST, Saudi Arabia, huwafadhili kikamilifu wanafunzi wanaodahiliwa.

“Lazima uhamie ng’ambo.” Si lazima. Arusha ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Juja, nchini Kenya, Umoja wa Afrika una taasisi ya sayansi na teknolojia ndani ya chuo cha JKUAT. Ipo pia njia ya kati: unasajiliwa nyumbani, unakwenda nje kwa miezi kadhaa kufanya vipimo ambavyo vifaa vyake hamna, kisha unarudi. Shirika la OWSD hufadhili wanawake wanasayansi kwa utaratibu huo.

“Tasnifu huishia kabatini.” Mtanzania Askwar Hilonga alisomea uzamivu wa nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi kufundisha Arusha. Utaalamu huo aliutumia kutengeneza chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, ikiwemo floridi inayoharibu meno na mifupa ya watu wa kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpa Tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Watu wanakunywa maji yaliyosafishwa kwa elimu hiyo.

“Utafiti baada ya uzamivu ni wa waliokosa ajira.” Hiyo ni ajira ya mkataba, na ndiyo hatua ambayo mtafiti huanza kusimamia maswali yake mwenyewe. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watu wa uraia wowote, ndani ya miaka 8 tangu wapate uzamivu. Kweli, mikataba hii ni mifupi. Kabla ya kusaini, uliza waliokutangulia walikwenda wapi.

“Bila kujuana hupati.” Dai hili ndilo linalovunja moyo kuliko yote, nami nalipinga kwa nguvu zote. Barua pepe nyingi za kuomba msimamizi hazijibiwi kwa sababu zingeweza kutumwa kwa profesa yeyote. Soma makala mbili za karibuni za msimamizi unayemtaka. Mweleze kwa aya chache ni swali gani limebaki wazi, umewahi kufanya nini kinachokaribia swali hilo, na ungeanzia wapi kulijibu. Anayeandika hivyo tayari anafanya kazi ya mtafiti, na msimamizi makini hulitambua hilo bila kumjua mjomba wako.