Dakika tano ni chache mno

Nyinyi wasimamizi wa Linux, mnawaonea watu. GNOME huzima skrini baada ya sekunde 300 na kuifunga papo hapo. Karani anayesoma fomu ndefu ataandika neno lake la siri mara ngapi kwa siku? Mwishowe atalibandika kwenye meza, na hapo mishahara ya ofisi nzima iko wazi.

Mimi huweka idle-delay 600 ndani ya /etc/dconf/db/local.d/, halafu dconf update. (Hakikisha system-db:local imo kwenye /etc/dconf/profile/user, la sivyo unajisumbua bure.) Kwenye locks nazuia idle-delay, lock-enabled na lock-delay, maana mtu akiweka sufuri kwenye idle-delay, skrini haijifungi kamwe. Lakini picha ya ukutani? Jameni, mwachieni mtu picha ya mtoto wake.