Uchambuzi: Kisanduku kwenye kisiwa kinachogombaniwa, nani anatoa ruhusa?

Kisanduku cha plastiki chenye daftari na kalamu ndani ni kitu kidogo sana. Lakini mtu akienda kukificha kwenye kisiwa ambacho nchi mbili zinakigombania, anaingia bila kutaka katika kesi ambayo wanadiplomasia wameshindwa kuimaliza kwa miaka mingi.

Mchezo huo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kisanduku porini, mjini ao kando ya mto, anachukua namba za latitudo na longitudo za pale, kisha anaziweka kwenye intaneti. Wengine wanakitafuta kwa GPS ya simu, na mwenye kukipata anaandika jina na tarehe katika daftari, kisha anakirudisha mahali pake. Ulianza Marekani tarehe 3 Mei 2000, siku chache tu baada ya Rais Bill Clinton kuamuru jeshi lake liache kuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia. Kabla ya hapo kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa mita karibu 100. Leo kuna visanduku zaidi ya milioni tatu duniani, na wachezaji wengi wanatamani vile vya mbali, ambavyo watu wachache wamevifikia.

Mchezo una kanuni moja isiyo na shida mahali pengi: kabla ya kuficha, omba ruhusa kwa mwenye ardhi ao mwenye kuisimamia. Tena kila kisanduku kinaandikishwa chini ya jina la nchi ao eneo fulani. Katika shamba la mtu huko Ubelgiji mambo hayo yanaisha kwa dakika tano. Kwenye mwamba unaodaiwa na serikali mbili, kila jibu linampa mmoja haki na kumnyima mwingine. Visiwa ambavyo Waingereza wanaviita Falkland, Argentina inaviita Malvinas, na mwaka wa 1982 watu zaidi ya 900 walikufa kwa sababu yavyo. Kuchagua jina la kuandika pale si kazi ya karani tu.

Kwamba vitu vya mchezo vinaweza kufikisha watu kwenye mauti, Ugiriki na Uturuki zinajua. Kati yao kuna miamba miwili isiyo na wakaaji: Wagiriki wanaiita Imia, Waturuki Kardak. Mwezi wa Januari 1996 meya wa kisiwa cha jirani alipandisha pale bendera ya Ugiriki. Siku chache baadaye waandishi wa habari wa Uturuki walishuka kwa helikopta, wakaishusha na kuweka ya kwao, huku wakipiga picha. Hawakutumwa na jeshi. Lakini manowari za pande zote mbili zilikuja, askari wakapanda kwenye miamba, na usiku wa kuamkia tarehe 31 helikopta ya Ugiriki ilianguka, maofisa watatu wakafa. Marekani ndiyo iliyowatuliza. Mpaka leo mwamba ule hauna mwenyewe anayekubaliwa na wote.

Kisiwa cha Hans, kati ya Kanada na Greenland, kilienda njia nyingine. Ni jiwe la kilomita moja ya mraba na kidogo. Mkataba wa mpaka wa baharini wa 1973 ulikiruka, mstari ukakatika upande mmoja na kuanza tena upande wa pili. Tangu 1984 Wakanada waliofika waliacha bendera na chupa ya wiski, Wadenmarki nao wakaacha bendera na chupa ya pombe kali ya kwao. Ilikuwa karibu sawa na jiokashingi: fika, acha alama, ondoka. Watu walicheka, na kweli inachekesha, lakini kila chupa ilikuwa pia barua ya kisiasa. Tarehe 14 Juni 2022 walisaini kukigawana, Kanada ikapata mpaka wa nchi kavu na ufalme wa Denmark. Tuseme wazi kwamba nchi hizo ni washirika katika OTAN na zina muda wa kutaniana. Si kila jirani ana bahati hiyo.

Je, alama ya raia ina uzito mbele ya sheria? Jibu lilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye, ileile ambayo Februari 2022 iliihukumu Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325. Mwaka wa 2002 iliamua kesi ya Indonesia na Malaysia juu ya Ligitan na Sipadan, visiwa viwili vidogo. Indonesia ilileta hoja ya wavuvi wake waliotumia maji yale tangu zamani. Majaji walisema kazi za watu binafsi hazihesabiwi ikiwa hazikufanywa chini ya amri ao kanuni ya serikali. Malaysia ilishinda kwa mambo yanayoonekana madogo: kanuni za kikoloni za kukusanya mayai ya kasa, hifadhi ya ndege ya mwaka wa 1933, na minara ya taa.

Kwa hiyo kisanduku chenyewe hakimpi mtu kisiwa. Karatasi ya ruhusa ndiyo yenye nguvu. Serikali inayotoa kibali, inayotoza ada, inayofukuza asiye na kibali, hiyo inajijengea faili ya kupeleka La Haye. Mtalii anayelipa ada anasaidia kuijaza faili hiyo, hata kama yeye anafikiria mchezo wake tu.

Hilo linauma zaidi Chagos, katika Bahari ya Hindi. Uingereza iliyatenga visiwa hivyo na Morisi mwaka wa 1965, na kati ya 1968 na 1973 wakaaji wote waliondolewa ili Marekani ipate kambi ya Diego Garcia. Kwa miaka mingi mwenye mashua ya starehe aliweza kununua kibali kwa utawala wa Uingereza na kutia nanga kwenye visiwa vya nje, wakati waliozaliwa pale walihitaji ruhusa hata kwenda kusafisha makaburi ya wazazi. Mwaka wa 2019 La Haye ilitoa maoni kwamba Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Tarehe 22 Mei 2025 London ilisaini mkataba wa kuirudishia Morisi visiwa hivyo, kambi ikibaki kwa kukodishwa miaka 99.

Kwetu hakuna anayekwenda kisiwa cha Rukwanzi kucheza. Kisiwa hicho kiko kusini mwa Ziwa Albert, kati ya Ituri na Uganda, na mpaka wa pale unatoka katika makubaliano ya Uingereza na Ubelgiji ya 1915: mstari unaopita katikati ya ziwa, uliowekwa na watu wasiojua habari za satelaiti. Mwezi wa Agosti 2007, baada ya mafuta kugunduliwa upande wa Uganda, Mwingereza aliyefanyia kampuni ya mafuta aliuawa kwa risasi ziwani. Mwezi uliofuata Marais Kabila na Museveni walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakakubaliana mpaka upimwe upya. Katika Ziwa Edward majeshi ya majini ya nchi hizo yalipigana tena Julai 2018.

Kipimo peke yake hakitoshi. Kenya na Uganda zilipima Migingo, mwamba wa Ziwa Victoria uliojaa nyumba za mabati za wavuvi wa sangara. Mwaka wa 2009 Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, kisha akaongeza kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda.

Mvuvi wa Kasenyi ao Tchomia leo anaweza kuwa na GPS katika simu yake. Inamwonyesha alipo, lakini haimwambii kama askari wa mtumbwi wenye mota unaomkaribia anaukubali mstari uleule wa 1915, wala kama risiti ya taksi aliyolipa asubuhi itamsaidia.