Zimeni Mishumaa, Leteni Hundi

Kila tarehe 25 Novemba tunavaa fulana za rangi ya machungwa na kuandamana hadi uwanjani. Mheshimiwa anahutubia, kisha manusura mmoja anasukumwa mbele ya maikrofoni asimulie alivyobakwa, nasi tunafuta machozi. Halafu soda. Tarehe 10 Desemba siku kumi na sita za kupinga ukatili wa kijinsia zinaisha, mahema yanakunjwa, na yule mwanamke anahangaika na nauli ya kurudi kwake.

Ilikuwa tarehe 10 Desemba vilevile, mwaka 2020, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipotamka neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mgeni rasmi: mlipwe. Manusura wanane wa ukatili wa kingono uliofuata uchaguzi wa 2007, wanawake sita na wanaume wawili, walikuwa wameishtaki Serikali tangu 2013. Iliamriwa wanne walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa Serikali haikuchunguza wala kumshtaki yeyote kwa yale waliyotendewa. Wanne wengine walitoka mikono mitupu.

Hesabu miaka. Mtoto aliyetokana na ubakaji ule alikuwa shule ya msingi, madarasa ya juu, siku hukumu ikisomwa.

Na msiniambie walikawia kuripoti. Ripoti ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile, yenye sura nzima juu ya ukatili huo, inaeleza kuwa miongoni mwa wabakaji walikuwamo askari. Ulitaka mama wa watu aende kituoni, asimame kaunta, amwombe fomu ya P3 askari mwenzake na yule aliyembaka? Wale wanaume wawili je? Katika nchi inayocheka mwanamume akisema amenajisiwa, wao waliingia mahakamani wakalisema. Ningewajengea sanamu, ila najua tungeizindua kwa hotuba.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni, akaomba radhi, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Makofi! Kisha zikasubiriwa kanuni za kuutumia, zikasubiriwa mpaka makofi yakasahaulika. Sheria ya 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu nayo ina mfuko wake wa waathiriwa. Muulize binti aliyerudi kutoka Ghuba, aliyenyang'anywa pasipoti na kulala jikoni kwa mwajiri, kama amewahi kuusikia. Alichosikia ni shangazi akiuliza sanduku liko wapi. Ajenti aliyempeleka anaendelea kubandika matangazo.

Kwa mifuko ya kuandikwa kwenye karatasi, Kenya hatujambo.

Kuna wanaoinua kidole kwa upole na kusema fedha hazirudishi utu wa mtu. Mbona wabunge hawaambiwi hivyo wakidai marupurupu? Fedha ni kodi ya nyumba nyingine, mbali na mtaa ambao mbakaji bado ana kibanda. Ni daktari wa akili, ni karo, ni dawa ambazo mtu atameza mpaka kufa kwa sababu zile saa 72 za kuzuia maambukizi ya VVU zilipita akingoja afisa arudi kutoka chakula cha mchana. Wanaojidai kuchukizwa na fedha ndio haohao wanaokaa kwa chifu kupanga mbuzi wangapi baba wa msichana apewe ili kesi iishe, msichana mwenyewe akiwa nje, hajaulizwa neno.

Mwaka 2013, Busia, watuhumiwa wa kumbaka msichana wa miaka 16 walipewa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie sahihi ndipo kesi ifufuke, na 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Wa kwetu kijijini, asiye na sahihi hata kumi, afanyeje?

Novemba hii mkinialika nitakuja, ila bila fulana. Nitakuwa na swali moja kwa mgeni rasmi: ile mifuko ina shilingi ngapi leo, na kalipwa nani? Akinijibu kwa tarakimu, nitashika mshumaa.