Boti ile iuzwe nzima

Kuna boti ya tanga inayouzwa Naivasha, upande wa barabara ya Moi South Lake, na ninaandika haya kabla haijapata mnunuzi. Ni ya faiba, urefu wake futi 21, ina chumba kidogo chenye malazi ya watu wawili na sehemu ya kuwekea jiko, ina mlingoti wa aluminiamu na inakuja na trela yake. Wanaoiuza ni watoto wa marehemu aliyekuwa nayo, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kuiendesha. Madalali wamekwisha kunusa.

Mmoja wao aliniletea tanga kuu dukani kwangu Nakuru, karibu na soko la Wakulima, limekunjwa ndani ya gunia la viazi. "Mama," akaniambia, "hiki kitambaa ni kigumu kweli. Nikatie turubai mbili za pikapu." Alikuwa na mpango wa kila kipande. Mlingoti angempelekea mwenye hoteli anayetaka nguzo ya bendera. Nyaya za chuma zingepimwa kwa kilo. Injini ndogo ya nyuma ingeenda kwa mvuvi wa Karagita, na ganda lenyewe lingewekwa kwenye bustani ya lodji watoto wachezee.

Nilikataa kukata. Si kwamba sihitaji kazi. Turubai ndizo zinazonilisha, turubai na hema za sherehe. Nilikataa kwa sababu ninalijua lile tanga ni kitu gani. Marehemu baba yangu alikuwa mtunza boti katika kilabu kimoja cha Naivasha miaka ya 1970, na mshono wangu wa kwanza wa maana niliushona kwenye tanga alilolileta nyumbani likiwa limechanika ukingoni. Kwa hiyo nikamwambia yule kijana jambo ambalo sasa nawaambia wenye boti, na yeyote anayefikiria kuinunua: msiitenganishe. Thamani yake iko katika vile vifaa kukaa pamoja. Ganda la boti ya tanga lisilo na mlingoti, kamba na matanga yake ni cherehani iliyouzwa bila sindano wala bobini.

Nielezeni nani ataweza kuvirudisha vitu hivyo vikishatawanyika. Mlingoti wa boti moja haukai kwenye boti nyingine, kwa kuwa urefu wake, mahali pa kushikia nyaya na kitako chake vilipimwa kwa ganda hilo hilo. Tanga nalo hukatwa kwa kuufuata mlingoti. Hakuna duka Nakuru wala Naivasha unaloweza kuingia ukaomba tanga la boti ya futi 21. Utaagiza ng'ambo, ulipe usafiri na ushuru, na mwishowe utakuta vifaa vimegharimu kuliko boti yote ilivyouzwa.

Sasa, mnunuzi akifika, namsihi asianze na rangi. Rangi ni kitu cha wikendi moja. Aanze na uzi. Kitambaa cha matanga ya siku hizi ni poliesta iliyofumwa kwa kubana sana, na adui wake mkubwa ni jua kuliko upepo. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu huchoma vitambaa haraka kuliko la pwani. Uzi wa mshono ndio hufa kwanza, kwa sababu uko juu ya kitambaa, umejianika. Ukwaruze mshono kwa ukucha. Ukikatika, tanga linahitaji kushonwa upya, lakini bado si la kutupa. Ukijaribu kukichana kitambaa chenyewe kwa vidole nacho kikakubali, hapo ndipo uombe bei ishuke. Lile lililoletwa kwangu uzi wake umechoka pembeni, ila kitambaa kiko imara. Kuna kazi ya siku mbili tatu pale, si zaidi.

Nyaya zinazoushikilia mlingoti zipitishie kitambaa laini kuanzia chini hadi unapofikia. Kitambaa kikinaswa, kuna uzi wa chuma uliokatika, na waya huo ubadilishwe kabla boti haijaguswa na maji. Waya mmoja ukikatika upepo ukiwa mkali, mlingoti unaangukia watu. Kapi zizungushwe kwa mkono. Ganda ligongwe kwa sarafu sehemu zote, hasa sakafu na kuzunguka kitako cha mlingoti, na masikio yawe kazini: faiba nzima hulia kavu, iliyokunywa maji hulia kwa uzito. Hapa kuna habari njema kwa anayenunua. Naivasha ni ziwa la maji yasiyo na chumvi, tofauti na Nakuru, Elementaita na Bogoria, kwa hiyo boti iliyoishi humo haikuliwa vyuma kama ile iliyotoka Kilifi au Mtwapa.

Injini ijaribiwe ikiwa ndani ya maji, si kwenye pipa nyuma ya nyumba. Watu wengi wa ziwani hushangaa injini ile ile iliyokuwa na nguvu Mombasa inapolegea Naivasha. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 17 ikilinganishwa na ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Upepo pia husukuma tanga kwa nguvu ndogo zaidi, hilo ni kweli, lakini upepo haununuliwi kwa lita. Mwezi Septemba 2023 petroli ilipopita Sh200, niliwaona wenye boti za watalii wakifunga injini na kukaa kivulini wakisubiri abiria wajae.

Jaketi za kuokolea maisha ndizo madalali huzitoa kwanza na kuziuza mbali, kwa kuwa zinauzika haraka. Hilo linaniudhi kuliko hata kukata tanga. Boti ya watu wazima wanne iuzwe na jaketi nne, na nyingine za watoto, zikiwa na mikanda inayofunga na filimbi inayolia. Mnunuzi azitupe majini moja moja akizining'inizia kitu kizito, aone kama zinaelea. Sponji ya ndani huzeeka ikabaki kuwa nguo tu. Sheria inadai jaketi, na KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini nchini, huwakagua wenye vyombo. Lakini ukaguzi hufanyika siku moja, na ziwa linakuwepo kila siku. Asubuhi Naivasha hulala kimya. Alasiri upepo unainuka na mawimbi yanakuja mafupi na ya karibu karibu, yenye kujaza maji boti isiyo na ndoo wala bomba la kuyatoa.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba boti ya tanga haina kazi Naivasha. Hoja yao kubwa ni viboko. Mngurumo wa injini humwonya kiboko ajiondoe, wanasema, na boti inayokwenda kimya inaweza kumfikia akiwa hajajua. Ni hoja nzito. Watu wameuawa katika ziwa hilo, wengi wao wavuvi. Lakini viboko hukaa zaidi kwenye maji mafupi, karibu na mafunjo, na huko hakuna nahodha wa tanga mwenye akili anayekwenda kwa tanga. Anateremsha tanga, anawasha ile injini ndogo, anatoka taratibu mpaka maji marefu, kisha anapandisha. Ndiyo maana injini hiyo haifai kuuzwa kando kwa mvuvi wa Karagita. Ni sehemu ya usalama wa boti. Gugumaji nalo ni tatizo, na wenye injini wanalijua vizuri kuliko mimi kwa jinsi linavyojifunga kwenye rafadha. Boti hii ina mkuku wa kuinuliwa, na mkuku ukiinuliwa majani yanapita chini.

Wengine husema tanga ni mchezo wa wazungu. Nawaomba waende Mbita au Usenge wakawatazame wavuvi wa Ziwa Victoria wakirudi na tanga lao la pembe tatu, la wengine limeshonwa kwa magunia. Waende Lamu, ambako hakuna anayeuza jahazi bila foromali na nanga yake. Huko Lamu ndiko jahazi la Flipflopi lilikojengwa kwa taka za plastiki na kushushwa majini mwaka 2018, kisha mwaka 2021 wenzetu wa nyanda za ziwa wakakiona chombo hicho kikisafiri Ziwa Victoria kwa tanga. Sisi wa Bonde la Ufa ndio tuliojitenga na ujuzi huu, ingawa tuna ziwa ambalo mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilitua juu yake zikitoka Uingereza.

Na ziwa lenyewe halituachi tulisahau. Mwaka 2009 lilikuwa limerudi nyuma hadi watu wakafika Crescent Island kwa miguu. Mwaka 2020 likaingia mtaa wa Kihoto, likaondoka na makazi, na mwaka 2025 likarudi tena, maelfu wakahama na wengine wakitolewa majumbani kwa boti. Nilikwenda kumtoa shangazi yangu. Niliwaona vijana wakubwa, waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni, wameketi katikati ya boti wakishikilia kingo kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyejua akae upande gani ili boti isilale. Hawakufundishwa, wala hapakuwa na mtu wala chombo cha kuwafundishia.

Boti ile inatosha kuwa chombo hicho. Kijana akijifunza kwa tanga, anajifunza upepo unatoka wapi, uzito ukae wapi, fundo gani hushika na gani hufunguka haraka, namna ya kumwokoa aliyeanguka. Anayejua hayo ataendesha boti ya injini vizuri zaidi, kama mvuvi au mbeba watalii. Chuo cha ufundi cha Naivasha au Gilgil kingeweza kuinunua. Vikundi vya usimamizi wa fuo pale Kamere au Karagita vingeweza kuchanga. Serikali ya kaunti ikitaka kunisikiliza, bei inayotajwa ni ndogo kuliko ya gari moja la mtumba la maafisa, na gari hilo halimfundishi mtoto kuendesha boti.

Nimezungumza na binti wa marehemu kwa simu. Nimemwomba aorodheshe kila kitu kabla ya kukubali shilingi: tanga kuu, matanga mawili ya mbele, mlingoti na nyaya zake, kamba za demani na jarari, usukani, makasia, nanga na mnyororo, injini na tangi lake, jaketi, bomba, trela na gurudumu la akiba. Nimemwomba pia asiruhusu mtu kuchukua kitu "kwenda kukipima". Tanga kuu nimelibakiza dukani kwa idhini yake, na yule dalali hakufurahi.

Atakayeinunua boti nzima aje achukue tanga lake likiwa limeshonwa. Uzi ni wangu, kazi ni yangu, sitamtoza.